Msumeno Uliopakwa Rangi

Emile, mwalimu wa useremala, alirudi kutoka matangani kijijini Miti Jumatatu asubuhi, akafungua karakana ya shule. Kwanza harufu ya rangi ilimpiga usoni. Kisha akaona: kila chombo kilichoning'inia ukutani kilikuwa cha kijani. Ingekuwa mipini tu, heri. Lakini walipaka randa, patasi, tupa na misumeno, kuanzia mpini hadi meno.

Yalikuwa matunda ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Wajumbe wa Chama tawala walikuwa njiani, na pamoja nao watahini wa kuwapima wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa useremala. Théodore, mkuu wa shule, alipata debe la kijani, rangi ya Chama, akaamuru kila kitu kipakwe. Kubisha nani athubutu? Miti ya uani ikapakwa, mawe ya njiani yakapakwa. Mbuzi wa mlinzi alinusurika kwa sababu ana mbio.

"Si iko muzuri, maître?" Théodore aliuliza kutoka mlangoni, abacost yake, ile suti isiyovaliwa tai, imenyooshwa kwa pasi.

"Citoyen préfet, meno yote iko mu rangi. Batoto batakata mbao na nini?"

"Bageni habakuje kuangalia meno. Banakuja kuangalia usafi."

Emile alichukua tambara, akalilowesha mafuta ya taa, akaanza kukwangua msumeno kwa kipande cha kioo. Moto ungekuwa wa haraka zaidi, lakini moto unaua ugumu wa chuma, na patasi iliyoungua haifai hata kumenyea muhogo. Théodore akamdaka mkono.

"Unakwangua rangi ya Chama? Leo? Unataka batufunge wote mu kasho?"

Hapo Emile akaachia kioo. Alimwangalia mkuu wake, shingo nene, jasho juu ya mdomo, akahisi kinyaa kama mtu aliyekuta unywele ndani ya ugali. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Miaka mitatu amewafundisha watoto hawa kunoa, kupima, kukata. Domitille, msichana pekee darasani na fundi kuliko wavulana wote, alikuwa anasubiriwa kazini na seremala mmoja wa Nyangezi. Sharti lake lilikuwa moja tu: afaulu.

Wageni walifika, wakaimbiwa, wakachezewa. Kiongozi wao, bwana mwenye viatu vinavyong'aa, alitaka kuona mwanafunzi mmoja akiunganisha mbao mbili kwa ulimi na tundu. Théodore, kwa kujidai, akamsukuma mbele Domitille.

Msichana akashika msumeno. Ulikwama. Akasukuma kwa nguvu, na rangi, ambayo kwa unyevu wa mvua za Bukavu ilikuwa bado mbichi ndani ya meno, ikatoka kama kamasi ikijipaka juu ya ubao mweupe. Patasi nayo ilitafuna badala ya kukata. Mwishowe ulimi ukaingia tunduni, lakini ulicheza kama jino bovu.

Kiongozi aliinama akauona ubao. "Ata mbao inavaa rangi ya Chama!" akasema, na watu wazima wenye akili zao wakapiga makofi. Emile alitamani ardhi iwameze, wao na makofi yao.

"Maître, hii kazi iko namna gani?" kiongozi akamgeukia.

Théodore akakohoa. Domitille akamtazama mwalimu wake, mikono yake ya kijani ikining'inia.

"Iko muzuri, citoyen," Emile akasema.

Domitille alinyanyua kazi yake kwa ncha moja, akaitikisa, na kipande cha pili kikaanguka juu ya kiatu kinachong'aa.

"Haishikane, papa," akamwambia kiongozi. "Bintu bya kazi bimeharibika na rangi."

Kiongozi akapangusa kiatu kwa leso, taratibu, kisha wakaenda kunywa bia.

Matokeo yalisomwa uani kabla chupa hazijaisha. Wamefaulu wote, hata Placide, ambaye akipiga msumari hupiga kidole. Wote isipokuwa Domitille: hana nidhamu. Wenzake waliimba na kurushana juu, bila hata mmoja wao kukata ubao siku hiyo.

Emile alimkuta karakanani akifuta mikono kwa mafuta ya taa.

"Mutoto wangu, usilie. Ule mukubwa alikuonea. Iko mutu mubaya."

Domitille hakuwa analia. Alikunja tambara, akaliweka juu ya meza.

"Ule papa hajue mbao, maître," akasema. "Weye unajua."