Jadzia Hakumumunya Maneno

Tangu atoke misani, Kazik Olszewski alikuwa amepiga magoti nyuma ya risiva ya redio, koti la kanisani likiwa bado mwilini, akitukana. Aliwatukana walioitengeneza ekwalaiza, ile mashine mpya ya kurekebisha sauti, akawatukana walioandika maelezo yake kwa herufi za ukubwa wa chawa, kisha akarudi kwa wale aliowatukana kila siku: wakubwa wa kiwanda. Bila wao asingeihitaji mashine hiyo.

Ndani ya deki mlikuwa na kaseti ya marehemu mkewe. Jadzia hakupenda kushika kalamu. Barua zake kwa binti yao Renata, aliyeolewa Arizona, alizisema kwenye kaseti na kuzituma kwa posta. Baada ya mazishi Renata alirudisha moja, na kikaratasi: Baba, isikilize hii peke yako. Kazik akaisikiliza mara saba. Alichoambulia ni mmm na ooo, kama mtu aliyetiwa kiazi cha moto mdomoni.

"Hata kaburini!" alifoka mara ya saba. "Hata kaburini anamumunya maneno!"

Neno hilo alimwambia mkewe miaka kumi na mitano. Acha kumumunya, Jadzia. Mezani, kitandani, mbele ya wageni. Jadzia akipaza sauti, aliambiwa asipige kelele, yeye si kiziwi. Mwishowe mama wa watu akapunguza kusema.

Na Kazik alikuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba si kiziwi. Miaka thelathini na mmoja alisimama chini ya nyundo za mvuke, zile ambazo pigo moja lilitetemesha vikombe kwenye makabati ya mtaa mzima. Kila mwaka daktari wa kiwanda alimvalisha vipokea sauti vya masikioni, akamwambia anyanyue mkono akisikia mlio, kisha akaandika "masikio mazima" bila kuinua macho. Siku kiwanda kilipofungwa na nyundo zikanyamaza, wakubwa walihamia Florida kuota jua. Daktari alibaki. Kibao chake bado kinang'aa mlangoni.

Muuza redio ndiye aliyemwambia: chukua ekwalaiza, mzee, ina vishikio kumi, sauti unayoikosa unaipandisha. Sasa iko hapa, imeungwa, na iko kimya.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Lusia, dada wa marehemu, aliingia akikung'uta theluji viatuni, mkononi bakuli la kabichi zilizoviringishiwa nyama.

"Shemeji! Umeangusha rozari, au ndiyo unamsujudia huyo mdude?"

"Mbovu. Wamenipa mbovu. Ipo kimya kama bosi siku ya kudaiwa haki."

Lusia aliweka bakuli, akainama, akachungulia nyaya.

"Kazik. Umechomeka KUTOKA kwenye KUTOKA."

"Ndiyo. Kutoka kwa kutoka, kuingia kwa kuingia. Vinavyofanana vinakaa pamoja. Ningefanyaje?"

"Mimi nimechomeka nyaya za simu miaka ishirini na sita. Wawili wakisema kwa pamoja na wawili wakisikiliza kwa pamoja, hiyo si simu, hiyo ni ndoa. Sogea."

Akazing'oa zote. Deki, ambayo Kazik aliziacha nyaya zake zikining'inia, akaipa matundu mengine yaliyokuwa wazi. Kisha akaongea huku anachomeka, kidole kikifuata waya. "Sauti inatoka kwenye risiva, inaingia humu. Humu inakandwa. Inatoka humu, inarudi kwenye risiva. Ni duara, umeona? Washa."

Sauti ikatoka, ileile ya kiazi. Kazik akasukuma vishikio juu na chini. Hakuna kilichobadilika.

"Nilikwambia mbovu!"

"Bonyeza kitufe cha kaseti hapo mbele."

"Kaseti umeihamisha wewe mwenyewe sasa hivi!"

"Bonyeza, mbishi wewe. Ndicho kinachoiambia risiva isikilize kinachorudi."

Akabonyeza. Besi ikavimba hadi kioo cha dirisha kikalia. Kazik akavishusha vishikio vya kushoto, vya sauti nzito, akaanza kuvipandisha vya kulia, vya sauti nyembamba, kimoja kimoja. Kwenye cha nane akasikia kitu kama karatasi inayochanwa. Kwenye cha tisa Lusia aliziba masikio.

"Yesu na Maria! Msumari huo, shemeji!"

Cha kumi akakisukuma mpaka juu kabisa. Na hapo zile s na sz na cz zilizojaa katika Kipolandi, lugha yao, ambazo kwa miaka hakujua kuwa amezipoteza, zikarudi zote kwa pamoja, na maneno yakasimama kwa miguu yake.

"Anasema," alinong'ona Kazik.

"...baba yako leo kaniambia tena namumunya. Sijamjibu. Masikio yake yamekwisha, Renia mwanangu, nyundo zimeyala. Nilikwenda kwa yule daktari, nimevaa kofia yangu ya Pasaka, nikamwomba ampime tena, ampime kweli. Akacheka. Akaniambia, mama, hakuna mwanamume anayemsikia mkewe. Usimwambie baba yako. Akijua atamng'oa mtu meno, na kazi itapotea. Mwache aone kasoro ni yangu..."

Kazik aliizima. Alikaa sakafuni. Shingo ilikuwa imemwiva nyekundu kwa hasira.

"Ulijua?"

"Mtaa mzima tulijua," alisema Lusia, akimtazama usoni.

Kazik alichukua utepe wa gundi kutoka kwenye droo, akavibandika vishikio vyote kumi pale vilipo, vya kushoto chini, vya kulia juu kabisa, visije vikasogea hata unywele. Alikuwa akisaga meno.

"Kesho nampelekea yule daktari hii mezani. Hiki ndicho cheti changu. Alimcheka mke wangu! Ataandika upya, na safari hii atainua macho."

Lusia alikuwa tayari ameelekea jikoni. Alisema kitu, mgongo ukiwa kwake. Mmm, ooo. Lile neno la zamani likampanda Kazik hadi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, chungu kama nyongo.

"Rudia, shemeji," alisema. "Sijakusikia."

Lusia akageuka. Kisha akarudi hadi mbele ya uso wake.

"Nimesema kesho saa tatu. Gari naendesha mimi. Wewe beba mdude wako, na mdomo niachie mimi."