Mkono Mzito Kwenye Sinia

Kwaru, kwaru, kwaru. Nyuma ya pazia vidole vilikuwa vikikwaruza aluminiamu tupu. Daktari Salama, aliyekuwa bado nje mlangoni, akajua kwamba amechelewa. Chakula kimekwisha.

Sauti hiyo aliijua tangu vita, mji wa Kindu ulipozingirwa, watu wakashindwa kuvuka mto Lualaba kwenda mashambani. Alikuwa na miaka kumi. Kwao watoto walikula kwenye sinia moja, bugari kidogo, ndiyo ugali wa kwao, na sombe, kisamvu kisicho na mawese, na mwenye mkono mwepesi ndiye aliyeshiba. Mdogo wake, Bulaimu, alikuwa na mkono mzito. Akavimba miguu, akavimba uso, majirani wakasema ananenepa. Kisha akafa.

Salama akasomea udaktari wa watoto, na utafiti wake wote ukawa juu ya swali moja: katika chakula kilichopikwa, ni kiasi gani kinachomfikia mwenye mkono mzito? Kinshasa profesa mmoja alimcheka mbele za watu, "Mwenzetu anatafiti vidole!" Salama akarudi Kindu, akawa anaingia nyumba kwa nyumba na kukaa mkekani, akitazama watoto wakila.

Sasa lililomkosesha usingizi ni Djamali, mtoto wa miaka miwili. Alitoka hospitali na pakiti za karanga iliyosagwa, dawa ya utapiamlo, za kumtosha. Pakiti zinaisha na mtoto anapungua. Asubuhi hiyo mzani ulikuwa umeshuka tena, na ukimbonyeza mguu, shimo linabaki. Akishuka zaidi, hatapanda.

Salama akapiga hodi, akainua pazia. Watoto walikuwa wakilamba vidole. Djamali alikuwa ameegemea ukuta. Bibi yake, Safi, ndiye anayemlea, kwa kuwa mama yake yuko Pangi akiwauzia wachimba madini chakula.

"Karibu, mama dokta! Umekuja tena kuhesabu matonge yetu? Ulisoma miaka yote ile kwa kazi hii?"

"Njo hiyo kazi, nyanya. Pakiti ya Djamali iko wapi?"

"Imeliwa."

"Na yeye peke yake?"

Bibi kizee akamkazia macho. "Peke yake? Kwa nyumba yangu? Niliikamua juu ya bugari, wote wakala. Mutoto akila peke yake wenzake wakimwangalia, unamufundisha uchoyo. Kesho watasema yeye njo mulozi, muchawi. Wewe mutoto wa Kindu, haujue?"

"Nyanya, ile ni dawa."

"Dawa iko chungu. Ile iko tamu. Kitu kitamu kinagawanywa."

Watoto wakacheka. Hasira ilimpanda Salama, na jina la Bulaimu likamfika mdomoni. Akalimeza. Bibi Safi alikuwa tayari ameleta birika na beseni, na sahani iliyofunikwa: wali na kipande cha samaki.

"Nawa, ule."

Watoto wote waliitazama ile sahani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nyanya, wananiangalia. Nikila peke yangu, mimi ni mulozi?"

"Astaghfirullah! Wewe uko mugeni. Mugeni ana sahani yake, tangu zamani."

"Na Djamali, aliporudi kutoka hospitali, nani alimnawisha? Nani alimpa sahani?"

Bibi Safi akaguna. "Dokta, uko na akili mubaya. Mugeni siku mbili. Ya tatu tunamupa jembe!"

Salama akauinua mkono wa Djamali, mwembamba kama kijiti, akamwekea bibi yake mbele ya macho. "Mpe basi. Tuone kama atalishika."

Bibi Safi aliutazama mkono ule. Akachukua birika, akaumwagia maji polepole, kidole kwa kidole, akaisogeza sahani mbele ya mjukuu wake na kuanza kutoa miiba ya samaki.

"Na sisi?" akauliza mkubwa wa watoto.

"Nyamaza. Hauone kuna mugeni?"

Djamali alitazama huku na huku, kama anayengoja kunyang'anywa. Hakuna aliyemnyang'anya. Tonge lilichelewa njiani, lakini likafika.

"Pakiti nazo nitaweka kwa sahani yake," alisema bibi kizee, bila kumtazama daktari.

Salama akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Djamali, wewe ni mgeni mpaka siku utakayoinua birika hili na kuninawisha mimi. Nitakuja kila Ijumaa kukutazama. Na siku hiyo nitakula hapa kwako, sinia moja na wewe, na sitatia mkono wangu kabla ya wako."