Mama Mkwe Akaa Kidogo

Fundi saa mmoja, baada ya kustaafu, alianza kuchora picha za rangi ya mafuta. Tatizo lake lilikuwa kumaliza. Mikono iliyozoea vidude vya ndani ya saa ilichora kope moja moja kabla hata kichwa hakijapata shingo. Sebuleni mkewe alizungukwa na watu wasio na midomo. Majirani wakambandika jina la Bado, maana ndilo jibu alilotoa kila alipoulizwa.

Alipojiunga na darasa la uchoraji, mwalimu, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa pili, alimnyang'anya brashi zote nyembamba, akampa moja pana kama ya kupaka rangi milango.

"Anza na makubwa. Rangi mbichi juu ya mbichi, na picha iishe papo hapo. Uliyemkalisha akiinuka, na wewe umemaliza."

"Mwalimu, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Chora!"

Akajizoeza nyumbani, akichora vyombo kabla chai haijapoa.

"Huyu mbuzi ni wa nani?" mkewe aliuliza siku ya kwanza.

"Ni birika."

Mkewe akalitazama birika, akaitazama picha, akalisogeza birika mbali kidogo kana kwamba litasikia.

Birika la nne au la tano likaanza kufanana na birika. Jumamosi iliyofuata mama mkwe akapitia hapo, kavaa gauni jipya la kijani, akisubiri gari la kumpeleka harusini. Bado akajikaza.

"Mama, naomba ukae hapo dirishani kidogo, nikuchore."

"Kidogo chako au kidogo cha watu?"

"Cha watu, mama."

Akakaa. Mwili ulitulia, mdomo haukutulia. Alimsema bwana harusi, akamsema mama wa bwana harusi, akarudi kwa bwana harusi. Kumwambia mkwe anyamaze ni jambo ambalo Bado asingelithubutu hata ndotoni. Akafinya macho kama alivyofundishwa, akatafuta makubwa: mwanga shavuni, kivuli chini ya kidevu, kijani cha gauni. Ila mdomo, kila alipoulenga, ulikuwa umeshahama. Mwishowe akabandika rangi nyekundu kwa mkupuo mmoja, na doa jeusi katikati. Wazi. Basi.

Honi ikalia nje, mama mkwe akainuka. Bado aliona hereni moja haijakaa sawa, mkono ukamwasha. Akaukalia.

Mkewe alipoiona picha aliangua kicheko. "Mama, unasikika mpaka jikoni!"

Mama mkwe hakucheka. Alisogea karibu, akanyamaza, jambo lililowatisha wote wawili.

"Hii pua ni ya marehemu baba yangu," alisema taratibu. "Miaka yote hii ninayo, na hakuna aliyeniambia."

Akaitwaa picha, akaikumbatia kifuani kwa nguvu.

"Mama, ni mbi..."

Ilikuwa imeshakuwa. Nusu ya shavu ilihamia kwenye gauni jipya. Mkewe akaleta sabuni na kitambaa, doa likanenepa. Akaleta mtandio wa kulifunika. Honi ikalia tena. Bado alitamani sakafu immeze.

"Uache mtandio wako," mama mkwe alisema, akijitazama kifuani. "Watu wataniuliza hili ni nini, nami nitapata la kuzungumza mpaka jioni."

Akatoka, na sauti yake ikasikika ikimweleza dereva habari ya pua kabla mlango wa gari haujafungwa.

Bado akaichukua picha iliyoachwa kitini. Shavu lilikuwa limeburutwa upande, sasa mama mkwe akaonekana kama anageuka kumjibu mtu. Akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akaenda kutafuta nyundo na msumari.