Nusu Jini Alipoingia Saluni kwa Dirisha

Kabla hujamcheka Shangazi, jua kwanza kwamba kitabu kile hakukinunua yeye. Alimnyang'anya bintiye ili akichome moto, maana jaladani palikuwa na kijana mwenye macho mekundu na shati lisilofungwa vifungo. Akasoma ukurasa mmoja tu, ajue anachoma nini. Jioni hiyo kilichoungua ni chakula.

Tangu hapo kitabu kikahamia saluni kwake. Na kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa imekufa na hakuna aliyejisumbua kuifufua, kitabu kikawa ndicho saa. Mteja akishapakwa dawa ya kulainisha nywele, Shangazi anavaa miwani na kusoma sura moja kwa sauti. Sura ikiisha, dawa inaoshwa. Hakuna aliyewahi kuungua.

Msusi wa saluni hiyo alikuwa binti wa kaka yake, mwepesi wa vidole na mzito wa kuamua. Yule kijana wa kitabuni, nusu mtu nusu jini, alikuwa amemmaliza kabisa. Haingii mlangoni, anapita dirishani. Anapotea bila kuaga, na akirudi haulizwi alikuwa wapi. Anamwambia msichana, "Kaa mbali nami, nitakuangamiza," na msichana, badala ya kutimua mbio, anasogea. Wateja nao wanashusha pumzi. Mtu mzima, ana wajukuu, anapepewa kwa gazeti kwa ajili ya jini la karatasi! Mimi sina la kusema.

Shida ni kwamba msusi alikuwa na kijana wake wa nyama na damu, fundi friji, naye alikwishamposa. Penye miti hapana wajenzi. Huyu alikuwa akipiga simu kabla ya kuja, na akifika kona anapiga tena. Hodi alikuwa akibisha hata mlango ukiwa wazi. Siku moja, akiwa amelala chali nyuma ya friji ya saluni akiitengeneza, aliisikia sura nzima ikisomwa, kisha akamsikia msusi akimwambia Shangazi, "Ni mtu mzuri, sikatai. Lakini hanitetemeshi hata kidogo. Mtu anajikwaa kwenye kiti, anakiomba kiti radhi."

Fundi alikaza skrubu zake, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Wiki nzima hakupiga simu. Na msusi, ukweli usemwe, alianza kuitazama simu kila mara.

Siku ya kujibu posa ikafika. Mama mzazi wa fundi alikuja saluni, eti kutengeneza nywele. Eti. Kila mtu alijua amekuja kukagua. Alikaa kitini bila kuegemea, akatazama vitana, akatazama taulo, kisha akamtazama msusi.

"Leo nitaondoka na jibu lako, binti," alisema. "Ni ndiyo au hapana. Nimechoka kumwona mwanangu akichezea chakula."

"Sawa, Mama," msusi akajibu, na moyoni hakuwa na jibu lolote.

Dawa ikapakwa. Bomba lilikuwa limekauka tangu asubuhi, kwa hiyo maji ya kuoshea yalikuwa kwenye ndoo moja chini ya dirisha la nyuma. Shangazi akavaa miwani. Sura ya siku hiyo ilikuwa ile iliyongojewa na wote: nusu jini amejeruhiwa, msichana anamfunga kidonda, nyuso zinakaribiana. Zikakaribiana, zikakaribiana, na sura ikaishia hapohapo, midomo haijagusana. Sasa nani angefunga kitabu? Shangazi akageuza ukurasa kimyakimya, akaingia sura nyingine bila kumwambia mtu. Msusi alisimama kinywa wazi, kitana hewani.

"Inaanza kuwasha," mama wa fundi akasema.

"Sura haijaisha, Mama."

"Inachoma, binti."

Hapo dirisha la nyuma likafunguka. Ukaingia mguu, ikaja miwani myeusi, kisha fundi friji mzima, shati wazi mpaka tumboni na fulana nyeupe safi ndani yake.

"Kaa mbali nami," alisema kwa sauti nzito aliyoiazima sijui wapi, "nita..." na mguu wa pili ukatua kwenye ndoo. Ndoo ikapinduka, maji yote yakakimbilia uvunguni.

"Samahani," fundi akaiambia ndoo.

"Mwanangu," mama yake akasema kutoka kitini, "kichwa kinawaka."

Jini likamtoka papo hapo. Alitupa miwani, akafungua ile friji aliyoitengeneza mwenyewe, akakomba chupa zote za maji ya kunywa, akamwinamisha mama yake kwenye sinki. Kabla ya kummwagia alijimiminia kiganjani kwanza. "Ya baridi, Mama, usishtuke," akasema. Fundi akawa anamimina, msusi anasugua, na vidole vyao vikakutana ndani ya povu. Mikono ya fundi ilikuwa imetulia. Ya msusi ndiyo iliyokuwa ikitetemeka.

Nywele zikaokoka, ila kipande kidogo nyuma ya sikio. Msusi akaanza kulia. "Nisamehe, Mama." Shangazi alikuwa amekikalia kitabu.

Mama akajifuta uso taratibu. "Mwanangu, nani alikufundisha kupita dirishani?"

"Nilisikia wanawake mnapenda," fundi akajibu, macho chini.

"Tunapenda. Baba yako alipita dirishani, wazazi wangu wamelala chumba cha pili. Nilitetemeka mpaka meno." Akakunja taulo, akalikunja tena. "Akaondoka kwa dirisha hilohilo, wewe hujaota jino. Ndiyo maana nikakufundisha kubisha hodi."

Fundi alipiga magoti, akaanza kukausha sakafu kwa shati lake.

"Haya, binti," mama akasema. "Jibu langu."

Msusi aliokota miwani myeusi, akaifuta kwa kanga yake. "Ni ndiyo, Mama. Kesho aje nyumbani, apite mlangoni, na abishe hodi hata ukiwa wazi." Akamtumbukizia fundi miwani mfukoni, akamnong'oneza, "Lakini hii usiitupe."

Mama akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Sasa wewe Shangazi," akasema, "inuka, ukitoe kitabu ulichokikalia. Alimbusu au hakumbusu?"