Kipimo cha Magoti

Bi Kipimo alikuwa amepiga magoti chini ya dawati la mstari wa mbele, akipenyeza rula ya mbao kati ya goti la mwanafunzi na ubao wa dawati. Nyuma yake fundi seremala alisubiri, msumeno kwapani, penseli sikioni.

"Miguu sakafuni," alisema Bi Kipimo. "Usijikunje. Umeridhika na maisha na masomo ya hapa chuoni?"

"Nimeridhika," alisema kijana.

Palisikika mlio mdogo, kama wa kiti kikuukuu kinapokaliwa, na kijana akafupika kwa upana wa kidole. Rula ikapita bila kugusa. Bi Kipimo akatia alama ya vema. Kwa kuwa kidevu cha kijana sasa kilikuwa karibu mno na daftari lake, fundi alipiga mstari kwenye miguu ya dawati, akaikata yote minne, akavitupa vipande kwenye gunia.

"Andika jina lako nione kama mkono unafika."

Mkono ulifika. Wakahamia dawati linalofuata.

Hivyo ndivyo chuo kilivyopima kuridhika. Zamani waliuliza kwa maneno tu, lakini wajumbe wa bodi walilalamika kwamba maneno hayapimiki. Goti linapimika. Goti lisilogusa ubao ni la mwanafunzi aliyeridhika, na kila muhula magoti yasiyogusa yaliongezeka na madawati yakapungua kimo. Siku ya mahafali wazazi waliinama kuwakumbatia watoto wao, wakasema kumbe kusoma kunachosha hivi. Majoho yaliburuta vumbi, lakini joho ni vazi la siku moja.

Bi Kipimo mwenyewe alipoajiriwa alikuwa akifungua madirisha ya juu kwa mkono. Wafanyakazi nao huulizwa, mara moja kwa mwaka, na kila mwaka alijibu kama wenzake. Siku hizi alipanda kigoda ili aning'inize mkoba wake, na sketi zake alizikunja hadi pindo likawa zito kuliko sketi. Hakulalamika. Kazi ni kazi, na mwenye kazi hachagui kiti.

Darasa hili lilikuwa la mwaka wa mwisho, la wanaosomea kazi ya maabara za hospitali. Hadubini, yaani kile chombo cha kuonea vijidudu, walikifahamu kwa mchoro uliokuwa ubaoni tangu zamani. Hakuna aliyethubutu kuufuta, kwa sababu mwalimu aliyejua kuchora alikuwa amehama. Wakati wa somo la vitendo waliitwa jina kwa jina, mmoja baada ya mwingine wakaenda ubaoni kuzungusha skrubu ya chaki kwa vidole. Hadubini zenyewe zilikuwa maabara, kwenye maboksi, na maabara ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari juu ya mlango, mahali alipoutundika mkuu wa chuo enzi zake za urefu. Hakuna mtu wa chuoni aliyeufikia tena. Ngazi ilikuwepo, lakini ilikuwa imefungiwa humo humo maabara.

Kwenye dawati la mwisho, karibu na dirisha, alikaa binti wa dada yake Bi Kipimo. Wenzake walimwita Mlingoti. Alikuwa na urefu ule ule aliokuja nao.

Kila muhula, zamu yake ilipofika, Mlingoti alikohoa badala ya kujibu, na mama yake mdogo akapitisha rula hewani, pembeni ya goti, kisha akatia vema. Hakuona vibaya kumfanyia hivyo. Dada yake ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akipiga pasi nguo za watu hadi viganja vikawa laini kama shati. Hakuwahi kumwomba chochote isipokuwa hiki: "Huyo mtoto nimekukabidhi. Nimwone kwenye joho tu, mengine nitajijua mwenyewe." Na asiye na vema hakalii mtihani wa mwisho. Orodha ya watahiniwa ingebandikwa jioni ile ile.

Lakini muhula huu madawati yalikuwa mafupi kupita kiasi. Mlingoti alipokaa, dawati lilipanda juu pamoja na magoti yake, miguu yake minne ikabaki inaelea. Hapakuwa na hewa ya kupitishia rula.

"Kohoa basi," alinong'ona Bi Kipimo.

"Nimechoka kukohoa, mama mdogo. Watu watadhani nina kifua."

"Watu hawasomi faili lako. Umeridhika na maisha na masomo ya hapa chuoni?"

"Hapana."

Fundi aliacha kukata. Wanafunzi hawakugeuka, lakini shingo zao zilisikiliza.

"Nimekuuliza kwa kanuni," alisema Bi Kipimo polepole. "Nijibu kwa kanuni."

"Kwani kanuni inasema nijibu nini? Miaka yote mitatu nimezungusha chaki. Nikienda hospitali wakaniletea damu ya mtoto wa mtu, nitaichunguza ubaoni?"

"Wewe! Mama yako anakusubiri kwenye joho."

"Najua. Ndiyo maana sitaki alikanyage akinikumbatia."

Mmoja wa mbele alicheka, akajifanya anapiga chafya. Bi Kipimo alitazama ngazi ya maneno aliyokuwa nayo, akaona haina kidato kingine. Kanuni ilisema asiyeenea kwenye dawati aitiwe mkuu. Akamwita.

Mkuu wa chuo alikuja kwa miguu yake, taratibu. Alikuwa amesoma chuoni hapo, akafundisha hapo, akapandishwa cheo hapo, na ameulizwa swali lile mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Kofia yake haikufika kwenye kitasa cha mlango. Sauti tu ndiyo haikufupika.

"Shikamoo, mkuu," walisema wanafunzi, wakisimama.

"Marahaba. Kaeni, kaeni, mnaniziba mwanga." Alipanda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti akapanda mezani, akajifuta magoti. "Yuko wapi huyo?"

Hakuhitaji kuonyeshwa.

"Binti yangu," alisema mkuu kwa upole, "mimi pia nilikuwa na urefu. Haunilishi sasa, wala haukunilisha wakati ule. Sema tu ukalie mtihani. Neno moja halivunji mfupa."

"Halivunji, mkuu. Linaufupisha."

"Unapenda nini, kwa mfano? Tukusaidie uridhike."

"Nataka kushika hadubini."

"Hadubini zitafunguliwa wanafunzi wakiridhika wote. Huwezi kumkabidhi chombo cha thamani mtu mwenye kinyongo. Sasa nakuuliza mimi mwenyewe, mbele ya darasa: umeridhika?"

"Hapana," alisema Mlingoti, na mlio mdogo ukasikika, ule wa kiti, safari hii kinyumenyume. Akaongezeka upana wa kidole. Dawati likateleza kutoka magotini, likaanguka ubavu.

Mkuu aliangalia jambo hilo kama mtu anayeangalia saa. "Muweke kwenye waliokosekana," alimwambia Bi Kipimo. "Mtu asiyeenea ni mtu ambaye hakuwepo. Wastani usiguswe."

"Yupo, mkuu," alisema Bi Kipimo. "Namwona."

"Unamwona kwa sababu ni mtoto wa dada yako."

Ndipo Mlingoti alipotoka darasani, akavuka ukumbi, akainua mkono na kuutoa ufunguo kwenye msumari juu ya mlango wa maabara. Hakuinuka hata kwa vidole vya miguu. Watu wote walimfuata, mkuu akiwa wa mwisho kwa sababu ya hatua zake.

Ndani kulikuwa na ngazi, na vumbi, na maboksi ya hadubini yamepangwa ukutani, kila moja na picha yake ya hadubini inayong'aa. Mlingoti alibeba moja. Lilikuwa na uzito wa kuridhisha. Alilifungua mezani, akatoa majani makavu ya kufungashia, kisha akatoa kipande cha mti. Akatoa kingine. Vilikuwa vimekatwa kwa msumeno mwembamba, vimefungwa kwa kamba minne minne.

Fundi alisogea, akakigeuza kimoja mkononi.

"Hii ni miguu yangu," alisema. "Miguu ya madawati. Mimi nilidhani ofisi inapikia chai."

Walifungua maboksi yote. Yote yalikuwa hivyo.

"Wakaguzi wakija hutungua ufunguo wenyewe, huinua boksi moja moja kupima uzito, na wakinywa chai ofisi hutia vipande vipya," alieleza mkuu kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. "Boksi tupu lingewavunja moyo. Hadubini ziliagizwa kabla yenu. Hazikufika. Waliokuwepo waliulizwa, wakasema wameridhika, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuziagiza tena. Sasa mmeona kila kitu, hakuna mnachofichwa. Mmeridhika?"

Yule kijana wa dawati la mbele, aliyefupika asubuhi, ndiye aliyejibu kwanza.

"Hapana."

Akapata kidole chake. Aliyefuata akasema hapana, akafuatiwa na mwingine, na maabara ikajaa milio midogo kama kanisa watu wanapoinuka. Hawakupiga kelele. Kila mmoja alilisema neno lake, akasubiri mgongo utulie, akampisha mwenzake. Kuna mmoja aliyelisema mara tatu kwa ajili ya mihula mitatu, na suruali yake ikamwachia vifundo.

"Na wewe?" mkuu alimuuliza Bi Kipimo. "Wewe ni mfanyakazi. Una kikao chako cha mwaka mwezi ujao. Fikiri vizuri."

Bi Kipimo hakuwa mwepesi wa kuamua. Alifikiri juu ya kigoda chake, na juu ya dada yake na pasi, na juu ya alama zote za vema alizotia kwa mkono wake mwenyewe. Alifikiri mpaka mkuu akaegemea kizingiti.

"Hapana," alisema. "Mwezi ujao pia niandikie hapana, nisije nikasahau."

Pindo la sketi yake likapanda juu ya magoti.

Mkuu alishusha pumzi, akaenda ofisini. Jioni taarifa ilikwenda kwa wajumbe wa bodi kama kila muhula: wanafunzi karibu wote wameridhika, isipokuwa darasa moja ambalo halikuwepo. Orodha ya watahiniwa ikabandikwa kwenye ukuta wa ukumbi, chini, usawa wa mkono wa mkuu. Mlingoti alichuchumaa kuisoma. Jina lake halikuwepo, wala la mwenzake yeyote. Aliisoma mara mbili, akasimama, akapangusa magoti.

"Nitamwambiaje mama?" alimuuliza Bi Kipimo.

"Mwambie umerefuka. Mengine nitamwambia mimi, ni dada yangu. Mtihani ni Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Basi Jumatatu mtaingia kama kawaida. Wakisema hampo, waambieni waje wapime."

Walirudi darasani. Fundi alikuwa amemwaga maboksi sakafuni, akilinganisha vipande na miguu kwa kufuata mishipa ya mbao, ili kila kimoja akirudishe kilikotoka. Gundi ilikuwa inaungua kwenye kopo na kunuka.

"Mama, nishikilie huku," alisema. "Juu kidogo. Eh, leo unafika!"

"Piga msumari, acha maneno."

Bi Kipimo alishikilia. Mlingoti alikaa kila dawati lililokamilika ili walijaribu, naye aliposema bado, waliongeza kipande kingine. Walipofika mstari wa tatu giza likaingia na fundi akaanza kujigonga vidole. Akafunika kopo la gundi kwa sahani.

Madawati yaliyobaki, ya nyuma, yalikuwa bado mafupi. Bi Kipimo aliweka rula yake juu ya la kwanza kati yake, kuwa alama ya mahali pa kuanzia kesho.