Ganda la Saa Kumi

Saa tatu asubuhi ya Jumatatu, fundi Hemedy alifungua mashine ya kukoboa mpunga ya Biasha, pale Chumbi, kwa spana namba kumi na tatu na msumari. Msumari ulikuwa wa kubandulia lakiri nyekundu ya kampuni, iliyoandikwa kwamba asiyeruhusiwa asiguse. Akatoa beringi iliyokufa, akatia ya gurudumu la bodaboda, akaigonga kidogo kwa nyundo ikakaa. Mashine ikanguruma vizuri kuliko siku iliyonunuliwa.

Biasha alikuwa na haraka. Alhamisi ilikuwa arobaini ya baba yake, mzee Mwinjuma, na magunia mawili yaliyoegemea ukuta ndiyo mavuno ya mwisho ya marehemu. Alitaka wasomaji wa hitima wale ubwabwa wa mpunga ule, si wa dukani. Wiki ile hakuwa na haja nyingine duniani.

Alikoboa debe moja la kujaribia, mchele ukatoka mweupe. Majirani nao wakaleta wa kwao, wakakoboa, wakaenda zao. Saa kumi, adhana ya Alasiri ilipokwisha, mchele wote uliokobolewa siku ile ulivaa tena maganda. Haukupiga kelele. Lundo la pumba nyuma ya nyumba lilipungua mpaka likabaki vumbi, na kwenye nyungo na madebe kukawa na mpunga. Sihaba, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshapika. Alifunua sufuria akakuta mpunga umeiva kwa nazi. Wale waliokwisha kuchoma pumba zao kwenye tanuri la matofali, mchele wao ulivaa majivu. Waliokula mchana walikwaruzwa kidogo tumboni, wakanywa maji.

"Mashine imenuna," alisema Sihaba.

"Mashine hainuni," alisema Hemedy. "Haya mambo ya mkataba."

Jumanne asubuhi Biasha alipanda basi kwenda Kibiti, kwa wakala wa kampuni, bwana mmoja mpole aitwaye Fikirini. Feni ya ofisini ilikuwa imesimama, naye hakuwa na ruhusa ya kuifungua, kwa hiyo alijipepea kwa mkataba.

"Mwanangu, mashine ile ni yangu au si yangu?"

"Ni yako, mama. Risiti si unayo?"

"Sasa mbona mchele unavaa?"

Fikirini aliusoma mkataba mbele na nyuma. "Chuma ni chako. Ule ujuzi wa kukoboa uliomo ndani ndio wa kampuni, wewe umepewa ruhusa tu ya kuutumia. Lakiri ikibanduliwa, ruhusa imekwisha. Kazi yote inarudi ilikotoka."

"Hayo niliyakubali lini?"

"Ulipofungua boksi."

"Na mkataba ulikuwa wapi?"

"Ndani ya boksi."

Biasha alilipindua jambo hilo kichwani. Kila alipolipindua lilikuwa limelala kifudifudi. Fikirini alimtazama kwa huruma. Ilionekana naye hajawahi kuliona uso. Akamwandika jina kwenye orodha ya fundi anayeruhusiwa, ambaye ni mmoja kwa pwani yote, na zamu yake ingefika baada ya mwezi wa mfungo.

"Na Alhamisi yangu?"

"Alhamisi haimo kwenye fomu, mama."

Alirudi na basi akiwa hajui alipolipia mashine alinunua nini: chuma, ruhusa, au boksi. Alimweleza Sihaba, na Sihaba akasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

"Lakini mie sikuazima," alisema Biasha.

Jumatano wakatoa kinu, cha bibi yake mzaa baba, wakatwanga kwa zamu mpaka Adhuhuri, mikono ikawaka moto. Saa kumi mchele wa kinu nao ukavaa. Biasha akampigia simu Fikirini.

"Kinu kilikuwa kinakaa wapi, mama?"

"Humo humo, chumba cha mashine."

"Basi kimeiga. Hiyo ni nakala."

"Kinu hiki kina miaka themanini. Mashine ina miaka miwili. Nani kamwiga nani?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa kwenye simu. "Kinu kimeandikishwa?"

"Kinu?"

Fikirini akaomba radhi, kwa sauti ya mtu aliyesikitika kweli. Biasha alikaa kwenye kinu akalia. Alipomaliza, alituma watu waambiwe kwamba hitima itakuwa asubuhi.

Alhamisi walikoboa alfajiri, wakapika, mashekhe wakasoma kwa mwendo wa haraka, na saa tano watu walikuwa wanakula ubwabwa mweupe. Waliusifu mpunga, wakamwombea aliyeupanda, wakarudi makwao mapema kwenda kujilaza na matumbo yao. Biasha angefurahi, ila dada pekee wa marehemu, Bi Mwanahawa, alikuwa bado yuko njiani kutoka Umwe. Pikipiki iliyombeba ilizimika mara tatu. Alifika saa kumi na nusu, na sahani aliyowekewa chini ya kawa ilikuwa imejaa mpunga.

"Shangazi, nisamehe," alisema Biasha, na macho yakamjaa machozi. "Nikusongee ugali."

"Ugali upo kwangu. Nimekuja kula cha ndugu yangu."

Bi Mwanahawa akakaa mkekani, akachukua punje moja, akaimenya kwa kucha ya kidole gumba, akaitia mdomoni. Akachukua ya pili. Biasha alikaa mbele yake, akamenya naye. Punje walizomenya waliziweka pembeni mwa sahani, na Maghribi ilipoadhiniwa zilikuwa nyeupe bado, hakuna hata moja iliyovaa.

"Shangazi, hii umejifunza wapi?"

"Nimezaliwa nazo kucha."

Biasha alizitazama kucha zake mwenyewe, zimejaa vumbi la pumba. Kisha akanyanyuka taratibu, akaenda kuufunga mlango wa chumba cha mashine, isije ikaziona, nazo zikawa za kampuni.