Mabomba ya Mji wa Bakar

Kila Bakar alipouhifadhi mji wake, kompyuta ilisaga kama mtu anayetafuna mchele wenye mchanga, na taa nyekundu ya diski ikapepesa mpaka macho yakachoka. Naye hakuwa na haraka. Aliulaza pajani mkono wa kulia, ule ambao kiharusi kilimwachia kama mzigo wa mtu mwingine, akasubiri.

Ulikuwa mji wa mchezo tu, mchezo wa zamani ambao kompyuta za leo haziujui. Lakini Bakar alikuwa fundi wa mabomba ya maji, na hakuna uchochoro wa Mji Mkongwe ambao hakuupigia magoti. Tangu augue, kazi pekee aliyoifanya kwa mkono wake, tena wa kushoto, ilikuwa hiyo: kujenga mitaa kwenye skrini na kuipitishia mabomba, nyumba kwa nyumba. "Mji wangu," alipenda kusema, "hauna mwanamke anayebeba ndoo."

"Mji wako mji wa makobe," rafiki yake Ubwa alimwambia alasiri moja. "Niachie hiyo mashine. Nitaifanya ikimbie."

"Wewe? Juzi uliifungua redio ya watu, ulipoifunga zikabaki skrubu."

"Skrubu za ziada zile. Aliyeitengeneza hakujua hesabu."

Ubwa alikuwa karani mstaafu. Kompyuta alijifunza ukubwani, katika skuli ya usiku, akikaa dawati moja na vijana wa rika la wanawe, na hakuna kitu alichokionea fahari zaidi. Akasogeza kiti. Kwa amri chache akaiambia mashine isiwe inakimbilia diski kila mara: yanayosomwa sana iyaweke katika kumbukumbu yake, na yanayoandikwa iyashike hapo kwanza, iyapeleke kwenye diski baadaye itakapopata nafasi.

Bakar akaufungua mji. Ukafunguka kabla hajaegemea kiti. Akauhifadhi. Taa ikapepesa mara moja, basi. Sumaiya, bintiye, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka kwa kuona uso wa baba yake.

"Ubwa," Bakar akasema taratibu, "skuli yako ya usiku imezaa mchana."

Lilibaki neno moja la kusema, na Ubwa alilijua. Alifundishwa, na aliwahi kulijibu vizuri kwenye mtihani: kilichomo katika kumbukumbu huishi kwa umeme. Umeme ukizimika kabla hakijafika kwenye diski, hupotea, na pengine hupotea pamoja na kilichokuwapo kabla yake. Anayewekewa njia hii ya mkato lazima aambiwe. Tena kisiwani hapa umeme hauagi unapoondoka. Lakini sifa ilikuwa ingali ya moto kifuani, na kutaja hatari wakati ule kungekuwa sawa na kumkaribisha mtu halua kisha ukamwambia aangalie meno yake. Nitamwambia kesho, alijisemea, akashuka ngazi akiwa ameunyoosha mgongo. Kesho ikaja na sifa mpya, na kesho yake pia.

Kisha siku moja Sumaiya alimkuta sokoni Darajani, kwenye meza za samaki.

"Shikamoo, Mzee Ubwa."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo, ila jana umeme ulizimika alipokuwa akihifadhi mji wake. Uliporudi, mji ukawa haufunguki. Tangu hapo hajatia kitu mdomoni."

Ubwa aliacha samaki aliyekwisha kumchagua, akaenda moja kwa moja kwa Bakar. Alijaribu kila alichokijua. Jina la mji lilikuwapo kwenye diski, lakini ndani hamkuwa na kitu, kama yai lililonyonywa likaachwa ganda.

"Umeme huo," akasema mwishowe. Neno lilimtoka jepesi, na ubaya wake ni kwamba halikuwa uongo.

"Usijitie unyonge," Bakar akamwambia. "Ni kadari. Wewe angalau ulinionjesha mbio."

Kwenye ngazi Sumaiya alimtilia mkononi mkate wa kumimina, bado una joto, kwa usumbufu alioupata. Ubwa aliupokea. Akashukuru, hata akaomba dua.

Nyumbani mkewe, Kidawa, aliukata, akamsogezea kipande.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Maisha yake yote aliogopa jambo moja: kugunduliwa kuwa hajui. Kwa hofu hiyo alisoma, akajibana, akanunua kamusi badala ya viatu. Haikumpitikia hata siku moja kwamba aibu ingekuja kumjia kwa mlango wa pili, kwa kitu alichokijua. Angeweza kwenda kuirudisha mashine ilivyokuwa, kimyakimya, na kusema uzee umeipunguzia kasi. Bakar angeamini. Hilo ndilo lililomtoa jasho, jinsi Bakar ambavyo angeamini.

Alipokwenda tena, alimkuta rafiki yake mbele ya uwanja mtupu wa kijani, bomba la kwanza limekwisha kulazwa.

"Naanza upya," Bakar alisema. "Nambie, Ubwa, mara hii nitakuwa salama? Ukisema salama, naendelea."

"Usiendelee."

Ubwa alibaki wima. Akaeleza yote, bila neno hata moja la kitabuni. Akaeleza mbio zilikotoka na zilichokuwa zikidai.

"Ulijua," Bakar akasema.

"Nilijua siku ile ile."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unanisifu."

Kwa mkono wa kushoto Bakar akaisukuma kibodi upande wa Ubwa. "Irudishe ilivyokuwa."

Ubwa akairudisha. Vidole vilimkosea mara kwa mara, na hakuna aliyemtania. Alipomaliza, Bakar aligeukia mlango.

"Sumaiya."

"Naam, baba."

"Mletee mgeni kahawa."

Tangu ujana wao, Ubwa hakuwahi kuitwa hivyo katika nyumba ile. Sumaiya alikuja na kikombe, akamtazama baba yake, akamtazama Ubwa, akasimama nacho katikati ya chumba. Ubwa akavuta kiti kilichokuwa karibu na mlango, akakaa, akakipokea kwa mikono miwili. Bakar alikuwa amekwisha kuugeukia mji wake, akitafuta pa kulipitisha bomba la pili.

Kahawa ilikuwa ya moto sana. Ubwa aliishika, akaingoja ipoe.